Namba Nyuma ya Jiwe

Ijumaa, tarehe 16 Oktoba 2015. Louisville iliamka na baridi kavu na jua lisilo na joto, na majani ya miti ya mtaa wa Iroquois yalikuwa yameanza kudondokea magari yaliyoegeshwa barabarani. Yonasi alifuta umande kwenye kioo cha gari lake kwa mkono wa sweta, akatandika suti ya kanisani kwenye kiti cha nyuma. Kisha akaweka kwenye kiti cha mbele bahasha iliyotoka Urusi, ambayo hakuweza kuisoma.

Mkewe, Florida, alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kitenge mabegani. Yeye hakusafiri, kwa sababu ghala analofanyia kazi lilimnyima ruhusa. Alimtazama mumewe akiilaza ile bahasha kama mtu anayelaza mtoto mchanga, akamuuliza kama anakwenda kuondoa matanga ya ndugu yake au kuwazika Warusi.

"Yote mawili yako njia moja," Yonasi akasema.

"Basi Mrusi akae nyuma. Mbele mwachie Anicet."

Jina hilo halikutajwa mara nyingi katika nyumba ile, na likitajwa, lilitajwa mlango ukiwa umefungwa. Anicet alikuwa kaka yake Yonasi, baba mmoja mama mmoja. Alifariki Buffalo mwaka mmoja uliopita kwa maradhi ya figo, na siku aliyozikwa hakuna aliyemwita Anicet. Mchungaji alimwita Liberati. Hospitali ilimwita Liberati. Watoto wake wawili wa kiume, wenye pua ileile ya Yonasi, walilia wakimwita papa, na mtu yeyote akiwauliza jina la papa wao wangesema Liberati. Kesho ya Ijumaa hii, Jumamosi, Warundi wa Buffalo wangekusanyika kwa ajili ya kuganduka, yaani kuondoa matanga mwaka ukishatimia, na jiwe la kaburi lilikuwa limekwisha kusimikwa. Yonasi alitaka kitu kimoja tu duniani: jiwe lile liseme, kwa namna yoyote ile, kwamba aliyelala pale ni Anicet.

Habari yenyewe ilianzia kambini Mtabila, upande wa Kasulu. Jirani yao aliyeitwa Liberati alikuwa na mke, Margareta, na binti mdogo, Kanyana. Kesi yao ya kwenda Marekani ilikuwa imepita usaili wote na kubaki tarehe ya basi tu, ndipo Liberati akaugua malaria na kufa mwisho wa juma. Wakimbizi wanajua maana ya kifo cha namna hiyo. Baba wa kesi akifa, kesi inarudi mwanzo, na kesi iliyorudi mwanzo huenda isiinuke tena. Wazee wakakaa, wakazungumza, wakamwangalia Anicet, kijana asiye na mke, mwenye kimo kama cha marehemu. Liberati akazikwa alfajiri bila wimbo. Anicet akapanda basi na Margareta na mtoto, akiwa na jina la marehemu kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Huko Buffalo wakawa mume na mke kweli, mbele ya Mungu, wakazaa.

Upande wa pili wa habari hiyo aliubeba mama yao, Rakeli. Kadi ya mgao ya Rakeli ilikuwa na watu watatu. Ilimbidi aende dirishani, mbele ya karani, aseme kwamba mwanawe mkubwa amerudi Burundi na hajulikani alipo. Karani akalikata jina. Baadaye yeye na Yonasi nao waliletwa Marekani. Rakeli aliishi miaka mitatu Louisville kabla ya kufariki, na wiki yake ya mwisho alimshika Yonasi mkono akamwambia: "Mimi ndiye niliyesema amepotea. Wewe umrudishe."

Labda ndiyo sababu Yonasi alivutwa na nishani za Kisovieti. Watu wa kanisa lake walimwita Mrusi wa Iroquois, wakamtania kwamba akifa atavikwa nyota badala ya msalaba. Nyota ya kwanza aliikuta kwenye soko la vitu vya zamani upande wa South End, ndani ya kopo la vifungo. Ilikuwa nyota nyekundu yenye ncha tano, na katikati askari aliyevaa koti refu na kushika bunduki. Mzee Mmarekani aliyeiuza aliigeuza na kumwonyesha mgongoni namba iliyochongwa. Akamweleza kwamba kila nyota ya aina hiyo ilikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na mtu wake, na kwamba huko Urusi katika kumbukumbu za jeshi kuna karatasi inayosema mtu huyo alikuwa nani na alifanya nini hata akapewa.

Yonasi alirudi nyumbani hajielewi. Alikulia mahali ambapo mtu alikuwa na namba na namba haikusema lolote juu yake, ila ukubwa wa familia na kilo za unga. Hapa palikuwa na namba iliyomkumbuka mtu! Tangu hapo, jioni akitoka darasa la Kiingereza, alikuwa akibaki maktaba akijifunza herufi za Kirusi. Alimpata mtafiti mmoja wa Moscow kupitia mtandao, akawa anamtumia namba moja baada ya nyingine. Alijifunza kutambua namba za uongo. Walaghai hukwangua namba ya askari wa kawaida na kuchonga ya shujaa, lakini ukiiweka chini ya lenzi, chuma kinaonyesha bonde pale kilipokwanguliwa. Nyota za namna hiyo alizirudisha kwa wauzaji. Zile za kweli alizifunga kwenye kitambaa, na asubuhi katika maombi yake aliwataja wenye nazo kwa majina, wafu wa nchi asiyoijua, mmoja mmoja.

Ndiyo maana Margareta alipompigia simu mwezi wa nane kumwomba aagize jiwe, kwa kuwa Kiingereza cha Yonasi kilikuwa kimenyooka kuliko cha wakubwa wote, wazo lilimjia lenyewe. Mbele aliagiza jina la Liberati kama alivyotumwa. Kisha akamwomba mchongaji aongeze, nyuma ya jiwe, chini kabisa, namba ya kesi. Namba hiyo aliijua kwa moyo. Kambini, siku za kungoja basi la kaka yake, alikuwa akienda kila asubuhi kwenye ubao wa matangazo kuitafuta, akilia na kufurahi. Iliandikwa kwenye mfuko ule kifuani mwa kaka yake siku basi lilipoondoka. Kwa Yonasi namba ile ilikuwa ni Anicet. Hakumwambia Margareta. Alijiambia kwamba nyuma ya jiwe hakuna anayetazama, ila anayetafuta, na anayetafuta atapata.

Adhuhuri alifika Columbus, nyumbani kwa Jean-Baptiste Cubaka. Huyu alikuwa Mkongomani wa Bukavu aliyesomea uhandisi huko Kharkov, wakati nchi ile ingali ya Wasovieti, na sasa alikuwa akiendesha mashine ya kuinua mizigo kwenye ghala. Ndiye aliyemsomea Yonasi karatasi zote kutoka Moscow. Alifungua bahasha juu ya meza ya kulia, akasogeza sahani ya ndizi, akasoma kimya kwanza huku akitikisa kichwa.

"Bon, mukubwa. Huyu mutu yako alikuwa wa simu."

"Wa simu namna gani?"

"Wa kutandika waya. Donc, mabomu inakata waya, anaenda anafunga. Inakatika tena, anaenda tena. Mangaribi kamanda anaweza kusema tena na batu ya mizinga. Njo kazi yake yote."

Yonasi akauliza kama aliua adui. Jean-Baptiste akapitisha kidole kwenye mistari. Hapana, hata mmoja. Walimpa nyota kwa ajili ya waya tu. Jina lake lilikuwa Stepan, mwana wa Ilya, mzaliwa wa kijiji kisichokuwepo tena kwenye ramani, na baada ya vita alirudi kuwa fundi wa reli. Yonasi aliliandika jina lile mgongoni mwa bahasha kwa herufi za Kiswahili, kwa furaha ileile ya siku zote. Mtu alifunga waya uliokatika, na miaka sabini baadaye kuna aliyekuwa akijua.

"Wewe unajua ba-grand-père, ba-babu ya Warusi bote," Jean-Baptiste akamcheka. "Warundi wako utabatafuta lini? Sasa huko Buffalo unaenda kilio ya nani?"

Yonasi alijibu kwamba ni cha rafiki yake.

"Jina?"

"Liberati."

Jean-Baptiste akasema Mungu amlaze pema, akamfungia ndizi za njiani. Yonasi alipokuwa akirudi kwenye gari, alihisi uzito wa lile neno, rafiki. Hakuna aliyemlazimisha. Lilimtoka lenyewe, kwa ulaini, kama ufunguo unaojua mlango wake. Kutoka Columbus hadi ziwani hakuwasha redio. Alimwomba Mungu amsamehe, kisha akamkumbusha kwamba kesho, nyuma ya jiwe, mambo yatakuwa yamenyooka kidogo.

Alifika Buffalo jua likizama, upepo wa ziwa ukipiga mabati ya ukumbi wa jirani. Nyumba ya Margareta ilinukia maharage na vitunguu. Wanawake wa kanisa walikuwa jikoni wakichambua mchele wa kesho. Margareta hakumkaribisha kiti. Alimwambia watoke nje, kuna mfuko wa mkaa wa kubeba. Walipofika nyuma ya nyumba hapakuwa na mkaa wowote.

"Shemeji, jana nilienda kulitazama jiwe," akasema. "Nikalizunguka. Ile namba ni ya nani?"

Yonasi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akamweleza kwa utulivu kwamba hakuna anayedhurika. Mbele ni Liberati kama alivyotaka, na watoto watasoma Liberati. Lakini kaka yake naye apewe alama, hata ndogo, hata nyuma. Akamweleza juu ya nyota zake, namna namba inavyomwongoza mtu hadi kwa mwenyewe.

Margareta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka.

"Kesi hii ilifunguliwa na Liberati. Namba hii tulipewa mimi na Liberati, kabla ya Anicet kujua hata mlango wangu. Yonasi, umemwandika Liberati mbele, halafu umezunguka nyuma ukamwandika tena."

Yonasi akaitafuta akilini namba nyingine, ya Anicet mwenyewe, kama mtu anayepapasa mifuko. Ilikuwepo moja tu, ile ya kadi ya mgao ya mama yao, na humo jina lilikatwa kwa kalamu ya karani. Mahali popote palipowahi kuandikwa Anicet, paliandikwa pia kwamba hayupo. Yeye aliyeweza kutambua namba ya kuchongwa juu ya nyingine kwa lenzi, alikuwa ameshindwa kuiona hiyo ya kesi, na alikuwa akiitazama tangu kambini.

Margareta alikuwa amekwisha kuacha kucheka. Akamwambia kwamba mwezi ujao anakwenda kuapa uraia, na kwamba kuna watu hata kanisani ambao wakisikia neno moja watalibeba hadi ofisi za uhamiaji. Kesho Mzee Rudasingwa, atakayeongoza shughuli, atauliza kama kuna mwenye dai kwa marehemu. Wazee wote waliotoka Mtabila wanajua, na wote watamwangalia Yonasi. Margareta hataki Yonasi anyamaze tu. Anayenyamaza leo husema kesho. Anataka aseme hadharani kwamba hana dai, amalize.

"Mama aliniachia neno," Yonasi akasema. "Aliniambia nimrudishe."

"Umrudishe wapi? Nani atampokea?"

"Wanawe. Ni damu yangu wale, Margareta."

"Ni watoto wa Liberati. Waulize shuleni, waulize serikalini. Ukiwafanya watoto wa Anicet, umewafanya watoto wa mtu ambaye hajawahi kuingia nchi hii."

Hapo ndipo Kanyana alipotokea kwenye kona ya nyumba, funguo za gari mkononi. Alikuwa amefika kutoka Amherst, alikoanza chuo mwezi wa nane, msichana wa miaka kumi na minane mwenye miwani. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amesimama pale muda. Mama yake akamwambia aingie ndani. Hakuingia. Alianza kwa Kiingereza, akaona uso wa Yonasi, akarudi kwenye Kiswahili chake cha kambini, cha mtoto wa miaka kumi, kwa kuwa hakuwa na kingine.

"Mimi niliona baba yangu akizikwa. Nilikuwa nimeshika ndoo. Waliniambia nisilie, watu watasikia. Kambi imefungwa, hakuna mtu anajua ni wapi. Hilo jiwe ni la kwake pia."

"Binti yangu, aliyelala pale siye baba yako."

"Najua ni nani amelala. Alinifundisha kuendesha baiskeli. Lakini yeye anaye mtu. Ana wewe. Wewe unatafuta Warusi, unawapata. Baba yangu, nani amemtafuta?"

Yonasi aliinamisha kichwa. Alikuwa amemjua Liberati yule, alikuwa amekula ugali kwake, na katika miaka yote ya kuombea wafu wa Urusi kwa majina hakuwahi kumtaja hata mara moja.

"Nilimuuliza hospitali, kuhusu jina," Kanyana akaendelea, taratibu zaidi. "Alisema mliache hivyo. Alisema jina si lake, alikuwa ameazima, na kitu cha kuazima kinarudishwa kwa mwenyewe."

Yonasi hakuweza kujua kama maneno hayo yalisemwa kweli au yaliundwa pale pale nyuma ya nyumba. Yalikuwa na mlio wa Anicet, lakini aliyepaswa kuulizwa alikuwa chini ya lile jiwe. Aliomba dakika, akaenda kukaa ndani ya gari lake na kuomba. Alimwambia Mungu kwamba yeye anawajua wote wawili, basi na aseme. Akangoja. Upepo ulipiga gari, mtoto mmoja wa Anicet akapita akiburuta kiti cha plastiki kuelekea ukumbini, akampungia mkono kama anavyopungiwa mgeni. Mungu hakusema neno lolote, na Yonasi, ambaye hajawahi kumnung'unikia tangu abatizwe, alimnung'unikia.

Kulipokucha Jumamosi, chembe za kwanza za theluji zilikuwa zikielea hewani bila kutua. Baada ya ibada walikwenda makaburini, wakaimba, wakaweka maua mbele ya jiwe. Hakuna aliyelizunguka ila Yonasi. Alipapasa zile tarakimu kwa kidole gumba. Zilikuwa zimechongwa vizuri, zina kina, hazina bonde. Mchongaji alifanya kazi yake. Akarudi mbele, akasimama na wengine.

Ukumbini, familia ilikaa meza ya mbele. Yonasi alipewa kiti safu ya tatu, kati ya mashemasi na dereva wa basi la kanisa. Walikula, wakanywa soda, mchungaji akaomba. Kisha Mzee Rudasingwa akasimama akiegemea fimbo yake, akawashukuru waliotoka mbali, akamtaja na Yonasi, rafiki mpenzi wa marehemu, aliyesafiri kutoka Louisville. Watu wakapiga makofi. Yonasi akainua mkono.

"Ndugu zangu," Rudasingwa akasema, "leo tunatoka kwenye majonzi. Kwa hiyo nawauliza kama walivyouliza baba zetu. Kuna anayemdai marehemu? Kuna ambaye marehemu alimdai? Mwenye neno alitoe sasa, maana kesho halitasikilizwa."

Mtu mmoja akasimama akasema marehemu alimwazima nyundo na msumeno, atavirudisha. Wakacheka kidogo. Mwanamke mmoja akasema marehemu alimfundisha mumewe kuendesha gari. Kisha hakuna mwingine aliyesimama. Vijana walikuwa wakitazama simu zao, lakini wazee wa Mtabila, meza baada ya meza, walikuwa wameweka vikombe chini. Margareta hakumwangalia. Alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza kilichokwisha kunyooka. Kanyana alimwangalia bila kupepesa. Wale wavulana wawili walikuwa wakigombea chupa ya soda, na mdogo alipokunja uso, ulikuwa uso wa Rakeli dirishani mwa karani.

Yonasi akasimama. Akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Mzee Rudasingwa akamwuliza, kwa upole wa mtu anayejua anachokiuliza, yeye ni nani kwa marehemu, na ana neno gani.

"Mimi ni Yonasi wa Louisville," akasema, na sauti yake ilifika hadi jikoni. "Kwa marehemu nilikuwa rafiki. Simdai Liberati kitu. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mlioketi hapa, sitamtafuta mtu mwingine katika kaburi lake, na watoto hawa wakikua wakaniuliza mimi na baba yao tulikuwa nani, nitawajibu hivyohivyo, kwamba tulikuwa marafiki tu."